Abiria wa Mangi Tarsis

Desemba ikiingia, Kariakoo nzima humuuliza Mchagga swali moja tu: unapanda lini kwenu Kilimanjaro? Mteja anauliza, mpagazi anauliza, muuza kahawa wa Mtaa wa Mkunguni anauliza huku akimimina. Tarsis, muuza mchele wa jumla aliyeitwa Mangi kama Wachagga wengine mjini, aliwajibu wote "karibuni tu", kwa sauti ya mtu ambaye kwake watu wanagombania mabegi. Kwake hapakuwa na mtu. Mkewe Candida walimzika Rombo mwaka juzi. Mwanawe Ansbert alikuwa mgodini Geita na likizo hakupewa. Binti yake Vicky ameolewa, na mke wa mtu Krismasi huila ukweni. Tarsis alikuwa mpweke, na upweke wenyewe aliuonea haya, kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka.

Mwaka jana hakwenda kabisa. Alijifungia ndani na redio yake, akala ugali wa jana, na sikukuu ikapita. Mwaka huu aliapa kwamba Krismasi itamkuta kwake. Lakini kwake wapi? Nyumba aliyoianza na Candida iliishia kwenye msingi, na majani yamekwisha kuufunika. Kwa kaka yake Rogath vyumba vipo, ila mtu mwenye mvi kulala kwa kaka yake ni kujitafutia maswali. Ndipo aliponunua karavani kuukuu, kijumba cha bati chenye magurudumu, na kitanda na jiko dogo ndani yake. Ataivuta kwa pikapu yake ya milango minne mpaka Rombo, aiegeshe kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, katikati ya migomba, karibu na kaburi.

Kilichobaki kilikuwa chuma cha kuivutia. Akaenda mtaa wa Gerezani kwa fundi Uledi, kijana wa Kizaramo mwenye maneno mengi na mkono mzuri wa kuchomelea.

"Shikamoo, Mangi."

"Marahaba. Nataka kuvuta nyumba."

Uledi akampangia vyuma vitatu chini. "Hiki kinafungwa kwenye bampa. Rahisi, lakini mimi sikufungii. Bampa ni urembo tu, haivuti nyumba. Hiki kinashika chasisi, kiko imara, ila kichwa chake hakipandi wala hakishuki. Hiki cha mwisho kinashika chasisi vilevile, na kichwa chake kina matundu. Unapandisha, unashusha, mpaka tela likae sawa."

Tarsis, ambaye maisha yake yote amepima kwa mizani, akachagua cha mwisho.

"Umechagua kiume. Mnasafiri wangapi?"

Swali dogo tu. Angesema ukweli, angemaliza. Badala yake alijisikia akisema, "Wanne. Mimi, mama, na watoto wawili."

"Basi Jumamosi njoo nao wote, na mizigo yao. Kichwa nakipima gari likiwa limebeba vilevile litakavyobeba njiani."

Tarsis alirudi dukani akijilaani. Marehemu hawezi kumwita aje kupimwa, na watoto wako mbali. Mtu mwingine angerudi Gerezani kusahihisha. Huyu Mangi wetu aliona ni rahisi zaidi kuendelea na uongo wake.

Jumamosi pikapu ikafika imeinama nyuma. Uledi akafungua mlango, akakuta magunia mawili ya mchele yamekaa kiti cha nyuma, yamefungwa mikanda. La tatu lilikuwa mbele, limefungwa khanga kuukuu ya Candida ili lisichafue kiti. Ndivyo Tarsis alivyojiambia.

"Mangi, familia iko wapi?"

"Wana shughuli. Nimeleta uzito wao."

Uledi alicheka, kisha akauona uso wa mzee, akaacha. Akachuchumaa nyuma ya gari na futi yake, lakini hakupima.

"Mangi, sikiliza. Nikipima hivi, halafu ukaenda na gari jepesi, nyuma itanyanyuka. Tela litainua pua. Kwenye mteremko litaanza kuyumba, na likishika kuyumba litakuingiza korongoni. Sikuulizi kwa umbea. Hawa watu wanasafiri kweli?"

Nyundo zilikuwa zikilia kila upande wa Gerezani. Tarsis alitazama magunia yake. Tangu msiba, hakuwahi kulitamka jambo hili mbele ya mtu.

"Niko peke yangu," alisema. "Mke wangu alifariki. Watoto hawaji. Niko peke yangu, Uledi."

Uledi akaiweka futi chini. "Pole sana, mzee wangu."

Wakaanza kushusha. Likashuka gunia la kwanza, gari likainuka kidogo. Likashuka la pili, likainuka tena. Wakapunguza na mizigo ya vyakula iliyokuwa nyuma, maana mtu mmoja hahitaji yote ile, na Uledi akashusha kichwa cha chuma tundu moja, kisha jingine. Tarsis alisimama pembeni akitazama gari lake linavyozidi kuwa jepesi.

Uledi akaufikia mlango wa mbele. Tarsis akawahi kuweka mkono juu ya khanga.

"Hili liache."

Fundi alitazama gunia, akatazama magurudumu ya nyuma.

"Kwa hapo mbele halina neno," alisema. "Ila ukaze mkanda, Mangi. Chalinze kuna matuta."

Tarsis akaukaza mkanda, akazunguka upande wa pili, akakaa kwenye usukani. Uledi akapima.