Mti wa Lozi Kwenye Pasipoti

Mimi ni mtu wa nyumbani. Shuleni, siku ya ziara ya kwenda kuona mamba, niliumwa na tumbo mpaka basi likaondoka, na lilipoondoka tumbo likapona. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimeona miji miwili, mmoja kati yake kupitia dirishani. Kwa hiyo familia ilipokaa kuamua nani aende Saudia kufanya kazi za ndani, wote walinigeukia. Walifikiri kwamba mtu ambaye hatoki nje hata akifunguliwa mlango hatasumbuka akifungiwa. Na kweli. Riyadh nilikaa miaka miwili nikajua jiko, chumba cha kufulia na ngazi, na wenzangu walipokuwa wakilia kwenye simu kwamba wamechoka na kuta, mimi nilikuwa nazipangusa kuta hizo kwa mapenzi.

Kilichokuja kunitisha hakikuwa nyumba. Kilikuwa jina.

Jina langu la tatu, lile la ukoo, ni Mandelbaum. Kwetu hakuna aliyewahi kulishangaa. Mwalimu wa zamu alilisoma kama jina la dawa ya kikohozi, darasa likacheka siku ya kwanza, siku ya pili likazoea. Wakala aliyenitafutia kazi alilitazama kwenye pasipoti akasema lina sura ya kizungu, litanifaa. Riyadh waliniita kwa jina la kwanza tu, na mara nyingi hata hilo hawakulihitaji, kwa sababu nilikuwa nimeshafika kabla hawajaita.

Kisha mama yake bosi, aliyekuwa akiishi Jeddah, akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Bosi akaamua nihamie kwake, na karatasi zangu zihamishwe, yeye mama awe kafili wangu, yaani mdhamini wa kazi. Madam, mke wa bosi, akanieleza masharti huku akipima mchele: nitakaa na bibi miezi mitatu ya majaribio. Akinikubali, ikama, kibali cha kuishi, inatoka kwa jina lake. Akinikataa, halas, ni ndege ya Nairobi, maana Riyadh mtu mwingine alikuwa ameshapatikana. Mwanangu alikuwa kidato cha tatu, na aliyemkalisha pale darasani ni mimi. Nikajiambia bibi mwenye nyonga mbovu hawezi kunishinda. Mimi huyu, ambaye nishawahi kushindwa na basi la shule.

Aliyejaza fomu kwenye simu alikuwa binti wa bosi, msichana wa chuo kikuu. Alikaa kwenye meza ya jikoni na pasipoti yangu, mimi nikikata vitunguu.

"Hili jina la mwisho ni la kabila lenu?"

"Ni la baba yangu."

"Yeye alilitoa wapi?"

"Kwa baba yake."

Akacheka. Alikuwa na mchezo wake wa kutafuta asili ya majina ya ukoo ya watu: walimu wake, wachezaji mpira, hata mume wa jirani. Akalitafuta langu, akanisomea polepole kwa Kiarabu cha kunihurumia. Maana yake kwa Kijerumani ni mti wa lozi. Nilifurahi. Kwa muda wa vitunguu viwili nilikuwa mti.

Akaendelea. Ni jina la Wayahudi wa Ujerumani na nchi za jirani. Zamani wengi wao hawakuwa na majina ya ukoo, mtu alikuwa fulani mwana wa fulani. "Kama sisi," akasema. Kisha serikali zikawaamuru wajiandikishe kwa majina ya kudumu, na wengi wakajichagulia vitu vizuri: maua, dhahabu, milima, miti. Akanionyesha ramani ya wenye jina hilo leo. Marekani ilikuwa imekoza rangi kuliko kwingine kote. Iliyofuata ilikuwa Israeli. Ujerumani kwenyewe, ambako jina lilizaliwa, rangi ilikuwa imefifia. Nikauliza kwa nini. Akasema wengi waliuawa, na waliopona walikimbia. Kisha akaisogeza ramani kwa kidole mpaka Afrika.

"Kenya kuna kidoa."

"Hao ni sisi," nikasema.

Akanitazama. "Wewe ni Yahudi?" Aliuliza bila ubaya, kama anavyoniulizaga kama nimekula. Kisu kikanisimama mkononi.

"Hapana."

"Sawa. Nitamuuliza baba kama ni kitu cha kusumbua kwenye karatasi." Akachukua simu na pasipoti, akaenda sebuleni.

Tangu hapo nilikuwa nasikiliza viatu. Bosi alikuwa na ndara za ngozi zilizolia kwenye marumaru, na kila zilipokaribia jiko nilifungua bomba nionekane nina kazi. Alikuja mara ya kwanza akataka chai. Mara ya pili akataka chaja. Mara ya tatu hakutaka kitu, alisimama tu mlangoni akinitazama, kisha akaondoka. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniua. Nilipanga nguo zangu kwenye begi, nikazipangua, nikazipanga tena, mpaka sketi moja ikapasuka zipu kwa woga usio wake.

Nikamtumia ujumbe wa sauti binamu yangu, binti wa shangazi, anayesuka nywele kwenye saluni ya wanawake huko Kandara, Jeddah. Nilitaka anitulize. Nilipaswa kumjua vizuri zaidi.

"Dada, pole," akajibu, na nyuma yake nikasikia wateja wakicheka. "Sasa wewe ni jasusi. Jasusi wa kumenya viazi. Watakuuliza umepeleka siri gani, na wewe siri unayoijua ni mahali madam anapoficha chokoleti."

"Usinichekeshe, nitatapika."

"Sikia basi. Mwambie yule msichana ni jina la ukoo wenu, la kwetu kabisa, limefanana tu. Nani huku anajua koo za kwetu? Mwambie kuna kilima. Mwambie kuna nyuki. Watu wa nyuki hawana kesi na mtu."

Mtu mwenye akili angesubiri asubuhi ampigie baba yake. Mimi nilienda moja kwa moja kumwambia binti wa bosi kwamba kumbe amekosea, jina letu ni la ukoo wa wafuga nyuki, wa kilimani, limefanana na la watu wengine kwa bahati mbaya. Akasema "Ah," akatabasamu, akarudi kwenye simu yake. Nikaona nimeokoka.

Baba alipiga Ijumaa. Nikamuuliza nusu kwa hasira, kama mtu anayemdai mzazi wake maelezo ya pua.

"Hilo ni la mwajiri wa babu yako," akasema. Babu alikuwa mpishi kwenye shamba la pareto huko Nakuru, la Mjerumani mmoja, Myahudi, aliyekuwa amekimbia kwao kabla ya vita vya pili. Alipokwenda kuandikishwa, babu hakuwa na karatasi nyingine ila barua ya kazi ya yule bwana. Karani akanakili kilichokuwa mbele yake. Jina la babu, na chini yake jina la mwajiri. Basi, ikawa hivyo.

"Na hakusema kitu?"

"Aseme nini? Wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, askari walikuwa wanasimamisha watu njiani, wanawapakia malori. Babu yako alitoa ile karatasi, wakaona jina la mzungu, wakampisha. Mara ngapi? Hakuhesabu. Uhuru ulipokuja yule bwana aliuza shamba akaondoka, Marekani au Israeli, hatukujua. Alituachia sufuria mbili na jina. Sufuria zilitoboka."

Nilikaa na simu imezimika. Babu alilishika jina hilo kwa woga na likamvusha. Mimi nililikana kwa woga, nikabaki na kilima na nyuki wa kuwachunga.

Nilihamishiwa Jeddah kabla bosi hajasema neno lolote. Nyumba ya bibi ilikuwa Baghdadiyah, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, na yeye mwenyewe alikuwa mdogo, mweupe kama unga wa ngano, na sauti kubwa kuliko kitanda chake. Wajukuu walimwita Sitti, nami nikaambiwa nimwite hivyo. Siku ya kwanza nilimwinua, nikamwosha, nikambadilisha shuka. Alipokaa sawa akasema:

"Haya. Mjukuu wangu ananiambia wewe ni wa ukoo wa nyuki. Hebu nieleze."

Nikamwambia tunakaa kilimani, nyuki ni wengi. Kumbe koo za watu ndizo zilikuwa starehe yake. Jeddah, alinieleza, ni mji wa watu waliokuja kuhiji wakakosa nauli ya kurudi au hamu ya kurudi, na nusu ya familia anazozijua zimebeba majina ya miji ambayo wenyewe hawajaiona. Yake mwenyewe ilibeba jina la mji wa mbali, kaskazini, wenye theluji. Ukimtajia jina la ukoo, anakwambia walikuja na nini, walifanya biashara gani, na nani kati yao alikuwa bahili. Ukoo wa wafuga nyuki wa Kenya hakuwa nao, na aliutaka.

Miezi mitatu nikautengeneza. Asubuhi nikimpaka mafuta kwenye nyonga: "Kilima chenu kina maji?" Kina. "Nyuki wenu wakali?" Wakali asubuhi, jioni wanachoka. "Nani anarithi mizinga, mtoto wa kwanza au wa mwisho?" Hapo nilichelewa, nikasema wa kati. Usiku niliandika majibu yangu nyuma ya karatasi ya dawa ili kesho nisijipinge, kwa sababu alikuwa anarudia maswali. Wiki ya nane akauliza tena kuhusu maji, nami nikasema kilima kikavu. "Wiki ya kwanza kilikuwa na chemchemi," akasema. Nikasema ilikauka. Nikaenda jikoni nikashika sinki kwa mikono yote miwili. Nilijua kukamatwa na uongo ni kubaya kuliko kukamatwa na jina, jina sikulichagua.

Binamu yangu akawa anapiga kila Ijumaa. "Nyuki hawajambo? Wamekuuma bado?"

Ikabaki wiki moja majaribio yaishe. Siku hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, Sitti alitaka kumenya lozi za kutia juu ya wali, kwa sababu mwanawe angekuja kutoka Riyadh kutoa uamuzi wa karatasi zangu. Nilizimwagia maji ya moto, tukakaa na bakuli katikati, tukizifinya zitoke kwenye ngozi. Akachukua moja, nyeupe, akainyanyua mbele ya macho yangu.

"Huyu ni ndugu yako?"

Lozi niliyokuwa nayo ilinitoka vidoleni ikaruka hadi chini ya kabati.

"Mjukuu wangu aliniambia kabla hujafika," akasema. "Siku ileile aliyolisoma jina lako. Aliniambia na habari ya nyuki pia, alicheka mpaka akakohoa."

"Na bosi anajua?"

"Anajua. Anachotaka kujua yeye ni nani atanishika nisianguke."

"Miezi mitatu, Sitti. Umeniacha miezi mitatu."

"Nilitaka kuona kilima kitafika wapi. Kimefika pazuri, ila chemchemi uliikausha bila sababu." Akatia lozi mdomoni. "Sasa niambie ya kweli."

Nikamwambia. Babu, pareto, barua ya kazi, karani, malori. Alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu. Nilipomaliza akasema: "Kwa hiyo alikuwa na kafili."

"Alikuwa naye."

"Na kafili mwenyewe alikuwa mkimbizi." Akatikisa kichwa, akarudi kwenye bakuli. Nilidhani ataongeza kitu. Alisema tu kwamba zile nilizomenya mimi zina ngozi bado.

Bosi alikuja, akala wali, akamuuliza mama yake swali moja kwa sauti ya chini. Akajibiwa kwa sauti ya juu: "Huyu anabaki." Jumapili iliyofuata ikama ikaingia kwenye simu. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa Kiarabu, lote, hadi mwisho, na chini yake jina la kafili, Sitti, na ule mji wake wa theluji. Nikampigia binamu yangu. "Angalia wasikuchanganyie hiyo mistari miwili," akasema. "Wajukuu zako watakuja kutafuta theluji Nakuru."

Wakati wa kushusha pumzi ulikuwa umefika, nami sijui namna ya kuishusha yote. Kwa mwoga huenda kicheko, wanasema, lakini hawasemi kwamba mwoga mwenyewe hucheka wa mwisho, baada ya kuhakikisha mlango umefungwa.

Alhamisi wakaja wageni, majirani watatu wa Sitti, wanawake wa makamo wenye manukato ya kutangulia mlangoni. Niliingia na kahawa. Mmoja wao, mjane wa ghorofa ya juu, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu, akamgeukia mwenye nyumba.

"Mfanyakazi wako mpya. Wa wapi? Ukoo gani?"

Nikaweka sinia mezani. Nikamtazama Sitti. Siku chache baada ya lile bakuli la lozi aliniambia kwamba ndani ya nyumba yake jina langu halimtishi mtu. Ya nje hakuyasema, na mimi sikuuliza.

"Kenya," Sitti akasema, akichukua kikombe chake bila haraka. "Watu wa nyuki. Wana kilima chenye chemchemi, na mizinga anarithi mtoto wa kati."

"Subhanallah. Wa kati?"

"Wa kati. Wana hekima yao."

"Na asali, wanauza?" Mjane alikuwa ameniuliza mimi.

"Mwaka huu hakuna," akasema Sitti. "Mvua ilichelewa. Yalla, mmiminie mgeni kahawa, inapoa."

Nikammiminia, robo ikaenda kwenye kisahani.