Vidole Viwili Juu ya Mkanda

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mikanda ya mizigo katika uwanja wa ndege kwa miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita Vidole Viwili. Siku hizi nasikia watu wakilieleza jina hilo visivyo, wengine wakidai alikatwa vidole kazini kwa uzembe. Alizikwa na vidole vyote kumi. Ni heri nilieleze mwenyewe.

Alipokagua mkanda unaotembea, aliweka juu yake kitoroli cha vifaa na kukizuia kwa vidole viwili tu. Mkanda ulikimbia, magurudumu yakazunguka, kitoroli kikabaki palepale mbele yake. Hakuna aliyemfundisha hivyo.

Mwaka mmoja nafasi ya msimamizi wa karakana ikawa wazi, na jina lake likatajwa. Mhandisi mkuu hakumtaka, kwa kuwa hakuwa na cheti. Wakati wa chai akamtega mbele ya mafundi wote: kama njia ya kurukia ingekuwa mkanda mrefu, unaorudi nyuma kwa kasi ileile ya ndege inayokwenda mbele, je, ndege ingepaa?

"Itapaa," mume wangu akajibu, akaendelea na chai yake.

Karakana nzima ikaangua kicheko. "Kwa mbawa za kuku?" mmoja akauliza.

"Jumamosi unionyeshe, mzee," mhandisi akasema. "Ukishindwa, usimamizi usahau."

Jioni alinisimulia. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia mwenye shahada, na nimelelewa katika nyumba ambayo haichekwi ovyo. Nikamwambia amekosea. Mkanda ukirudi nyuma, ndege haisogei. Isiposogea, mbawa hazipati upepo.

"Nenda kesho ukaombe radhi, baba watoto. Usituaibishe."

"Mke wangu, gari linajisukuma kwa magurudumu. Ndege je, inasukuma nini?"

"Hewa."

"Basi huo mkanda unaishika wapi?"

Nikanuna. Akaniomba mizani ya springi ya maabara ya shule. Nikampa, nikiwa na hakika kwamba itamuumbua.

Jumamosi nilikwenda nikiwa nimevaa nguo zangu nzuri. Kama ni kuaibika, tuaibike tukiwa nadhifu.

Alikiweka kitoroli juu ya mkanda, akakifunga kwa kamba kwenye nguzo, mizani ikiwa katikati ya kamba. Mkanda ukawashwa polepole. Mizani ikaonyesha gramu mia mbili. Akaongeza kasi maradufu. Magurudumu yakavuma, lakini mshale wa mizani haukusogea hata unywele. Mhandisi akainama akasoma, akavaa miwani, akasoma tena.

"Huo ndio mzigo wote ambao mkanda unakibebesha kitoroli," mume wangu akasema. "Vidole viwili vinautosha. Injini ya ndege je?"

Kisha akatoa ndege ya kuchezea ya mbao nyepesi, yenye pangaboi la kuzungushwa kwa mpira, akaiweka juu ya mkanda unaorudi nyuma, akaiachia. Magurudumu yalizunguka kama wazimu. Ndege ikasonga mbele, ikaacha mkanda, ikapaa hadi ikajigonga kwenye kabati la vipuri. Hata yule wa mbawa za kuku alipiga makofi.

Mhandisi akanigeukia. "Shemeji mwalimu, kumbe umemfundisha wewe!"

Mume wangu angeweza kusema kwamba mwalimu huyu alimtaka akaombe radhi. Ingekuwa kweli tupu, na ningechekwa hadi shuleni.

"Mwalimu ndiye aliyetuazima mizani," alisema. "Bila mizani mngesema ni kiinimacho."

Alipata usimamizi, akaushika hadi alipostaafu. Mizani niliirudisha Jumatatu asubuhi. Nyumba yetu haikai na mali ya shule. Lakini ile sifa sikuirudisha. Watu waliendelea kuamini kwamba akili ile ilitoka kwangu, nami nikawaacha. Yeye hakunikumbusha hata siku moja, hata tulipogombana.

Nilijiona mlinzi wa jina la nyumba hii, kumbe siku ile jina langu lililindwa na mtu mwenye grisi hadi viwikoni. Basi wajukuu zangu mjue kwa mwandiko wangu: aliyesema itapaa ni babu yenu. Aliyebisha ni mimi. Ninamshukuru kwa yote mawili, kwa kuwa sahihi na kwa kuninyamazia.