Sauti ya Madam

Ukimkuta mtu Mikumi anabisha kwamba Octavian hakuwa na mdomo kuliko wote kuanzia mbugani mpaka stendi, ujue huyo ni mgeni, hata choo cha stendi hajaonyeshwa. Shule Octavian aliacha darasa la tano, na mwalimu alishukuru. Kiingereza chake kilikuwa maneno matatu, yote ya kuwasumbua watalii. Lakini ndiye huyo huyo DJ Okta, mtafsiri wa sinema, na banda lake la video nyuma ya maegesho ya malori lilijaa mpaka watu wanakalia ndoo.

Masikio yake yalikuwa ya mkewe. Yudith alitoka kule milimani Berega, alisoma misheni mpaka kidato cha nne, Kiingereza kwake kilikuwa kama uji, kinateremka chenyewe. Wakati sinema inakwenda, alikaa kwenye kigoda kushoto kwa mumewe akimnong'oneza, na Octavian anadaka, anatupa kwenye maiki, anaongeza chumvi na vijembe. Kuangalia sinema siku moja kabla, kama wanavyofanya watafsiri wengine, alikataa katakata. Alisema bingwa hafanyi mazoezi. Bingwa gani, wakati bila mdomo wa Yudith sikioni hakujua hata kama wazungu wanagombana au wanasalimiana.

Halafu ikaja tamthilia moja ya zamani, diski zake alizitoa Dumila kwa mchuuzi wa pale njia panda. Ni tajiri mmoja na mkewe. Wana nyumba kama hoteli, wana ndege yao wenyewe, na wanapendana kama wamefunga ndoa jana. Sasa kila wanakokwenda lazima mtu afe. Wakialikwa harusini, anakufa bwana harusi. Wakienda kupumzika, anakufa jirani wa chumba cha pili. Kwetu watu kama hao wangeshaitiwa kikao cha ukoo. Wao wanavaa vizuri, wanapeleleza, wanamkamata muuaji, wanakumbatiana.

Octavian akamwita mwanamume Bosi, mwanamke akamwita Madam. Sauti ya Bosi alisema yeye. Ya Madam alijaribu mwenyewe wiki ya kwanza, ikatoka kama beberu mwenye mafua, ndipo Yudith akapewa maiki ya pili. Siku moja akajisahau. Badala ya kumwita Bosi jina lake, akamwita "Baba Happy", kama anavyomwita mumewe nyumbani kwa jina la binti yao Happiness aliyeolewa Morogoro. Banda likalipuka kwa kicheko. Tangu hapo Bosi akawa Baba Happy, Madam akawa Mama Happy, na akina mama ambao hawakuwahi kukanyaga banda la video wakaanza kuja na vigoda vyao. Sokoni Yudith akawa haitwi tena Yudith. "Madam, nyanya hizi hapa."

Karibu miaka miwili wakaenda hivyo. Kisha Yudith akaanza kwenda Kilosa kila Alhamisi. Alisema anamtembelea dada yake Joyce. Anaondoka alfajiri, anarudi jioni amechoka, anakaa kigodani ameshika tumbo kwa mkono mmoja na maiki kwa mkono mwingine. Mtu mwenye akili angeuliza, "Mke wangu, unaumwa?" Octavian alikuwa na akili za upelelezi, na hizo ndizo zilizomponza. Akachungulia simu ya mkewe, akakuta ujumbe: "Kesho usikose. Usile kitu asubuhi. Alfred."

Akaupeleleza huo ujumbe siku nne. Akaugeuza huku na huku, akauunganisha na gauni jipya, akauunganisha na ile tabia ya Yudith ya kuoga mara mbili siku ya kuondoka. Akahitimisha kama Bosi anavyohitimisha: huyu Alfred anamkataza kula kwa sababu wanakwenda kula wote supu. Mjinga gani angefikiria hospitali, wakati muuaji ameshapatikana?

Hakumuuliza nyumbani. Alisubiri Jumapili jioni, banda limejaa, mashine ya kurekodi imewashwa kama kawaida. Kipindi kilikuwa cha mwenye hoteli aliyekutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea. Ilipofika mahali Bosi anafunga tai chumbani huku akiongea na mkewe, Yudith akainama kumnong'oneza. Octavian akasogeza kichwa pembeni.

"Mama Happy," akasema kwenye maiki, "Alhamisi ulikuwa wapi?"

Yudith akamtazama. Kwenye pazia la sinema Madam alikuwa anachana nywele.

"Baba Happy, tuna maiti kwenye bwawa. Tumalizane na maiti kwanza."

Watu wakacheka, wakajua ni mchezo.

"Maiti haina haraka. Huyo Alfred anayekukataza kula asubuhi ni nani? Anakupikia supu?"

Miluzi ikapigwa. Kicheko kikampanda Octavian kichwani. Mtu wa maneno mengi hajui lake lipi ni la mwisho. Akawaambia watu kwamba huyo Madam wanayemsifia ni malaya wa Kilosa.

Yudith akaweka maiki chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akashika ukuta, akatoka. Octavian akazima mashine, akasema umeme umekatika, na taa inawaka juu ya kichwa chake. Hata muuaji wa mwenye hoteli watu hawakumjua siku hiyo.

Asubuhi Yudith alikwenda kwa dada yake na hakurudi. Octavian, kwa hasira, akampa Simoni, yule mwenye kibanda cha kurekodi kwenye flashi, kile kipindi kama kilivyo. Mwezi haukuisha kikawa kimeenea. Kilichezwa saluni, kilichezwa kwenye mabasi, kilifika Dumila, kikapanda mpaka milimani. Watu walikipenda kuliko vyote.

Alhamisi ya tano akavaa miwani ya jua na kofia, akaenda Kilosa kumfumania. Alijibanza nyuma ya kichaka cha michongoma mbele ya nyumba ya Joyce tangu saa tatu. Watoto wa jirani walimwona, wakamsalimia, akawafukuza kwa mkono. Saa tano akafika kijana mmoja kwa pikipiki, mdogo kuliko hata Happiness, mkononi ana mfuko wenye chupa ya dripu. Kijana akamwona mzee mzima amechuchumaa michongomani. Akavua kofia ya pikipiki.

"Shikamoo, baba. Mimi Alfred, natoka hospitali. Umekuja kumwona mama?"

Octavian akainuka kutoka michongomani. Mpaka leo hajui kama aliitika.

Ndani alimkuta Yudith kitandani, amekwisha, macho ndiyo makubwa. Ulikuwa uvimbe tumboni, na madaktari walikuwa wameshafika mwisho wa walichoweza. Joyce alitaka kumtoa Octavian nje kwa mchi, na alikuwa na haki. Yudith akasema amwache.

Octavian akapiga magoti.  Akauliza kwa nini hakuambiwa.

"Ungelisema kwenye maiki," Yudith akajibu. Hakusema kwa ukali. "Nilitaka kitu kimoja tu kiwe changu, Baba Happy."

Akamwambia msamaha amempa, asipoteze muda kulia. Ila ile kanda airudie. Mama yake yuko Berega, ana miaka themanini na masikio mazima, na ataisikia kama bado hajaisikia. Asizikwe huku mama yake anasikia mwanawe anaitwa vile. Airudie kama sinema ilivyo, Madam aseme anayoyasema Madam, basi.

Octavian akarudi Mikumi mbio, akabeba kompyuta na maiki mbili. Wakarekodi pale kitandani, Joyce akiziba dirisha kwa blanketi ili kelele za pikipiki zisiingie. Yudith ananong'ona, Octavian anasema, kisha Yudith anasema ya Madam, kisha anapumzika. Dakika tano kwa siku, siku nyingine mbili. Kwenye ile sehemu ya tai Madam alikuwa anasema kitu kidogo tu, kwamba hoteli ina harufu ya rangi mbichi na usiku hakulala vizuri. Hicho ndicho kilichofunikwa na yale matusi. Octavian alipokisikia aliomba wasimamishe, akatoka nje, akarudi baada ya muda amenawa uso.

Siku ya tisa walifika Bosi na Madam wanawaita wageni wote ukumbini ili kumtaja muuaji. Yudith akasema amechoka, watamalizia kesho. Hiyo kesho alikufa kabla chai haijachemka.

Wakamzika Berega. Octavian alijua kwa jinsi wanawake walivyompa mkono, wakiugusa na kuuachia, kwamba kanda ilikuwa imemtangulia. Mama mkwe alimpa mkono kama wengine. Hakumuuliza kitu, na Octavian angependa amuulize.

Baada ya arobaini akafungua banda. Akatangaza kwamba ataonyesha kipindi cha hoteli, safari hii kamili, na kwamba Simoni atampa kila mtu kipya abadilishe na cha zamani. Watu walijaa mpaka nje. Wengine walikuja kwa ajili ya muuaji, wengine kwa ajili ya lile tusi, tusidanganyane. Sauti ya Yudith ikatoka kwenye spika, nyembamba, pumzi zake zikisikika. Ikapita sehemu ya tai. Harufu ya rangi. Hakulala vizuri. Hakuna aliyecheka.

Ikafika ukumbini. Wageni wamekaa. Sauti ya Yudith ikaisha, na Madam kwenye pazia akasimama, akaanza kuongea Kiingereza, anaongea, ananyoosha kidole. Octavian alikuwa amekaa na maiki mkononi. Watu walimgeukia. Miaka yote asingeacha hata nukta ipite bila kuijaza, hata ya uongo angeitia. Maiki ikabaki magotini.

Mama Goodhope, muuza vitumbua, aliyekuwa mstari wa mbele tangu enzi, akauliza kwa upole, "DJ, anasema nini Madam?"

"Sijui, mama. Aliyekuwa anajua ni mke wangu."

Wakaangalia hivyo hivyo mpaka mwisho, Madam akiongea, mtu akifungwa pingu, Bosi akimkumbatia mkewe. Kisha kila mtu akabeba kigoda chake. Mikumi mpaka leo hawajui mwenye hoteli aliuawa kwa nini, na hakuna anayemuuliza Octavian.