Makofi ya Uwanja wa Parokia

Jumamosi iliyopita profesa mmoja anayefanya utafiti wa michezo ya watoto alituita kwenye uwanja wa parokia, hapa Kalemie, tuione ikichezwa. Tulicheka sana kwenye kuruka kamba. Kisha wakaingia mabinti wanne wa familia zilizokimbia vita upande wa Nyunzu, kila mmoja na mtoto wa matambara mgongoni.

Mkubwa wao akapiga makofi. Wenzake wakajitupa chini, wakawavuta wale watoto kifuani na kuwaziba midomo kwa viganja.

“Makofi ndiyo nini?” profesa akauliza.

“Njo masasi ya bunduki, Papa. Tuko tunajificha mu pori.”

“Na mwenye kushinda ni nani?”

“Ule mutoto wake hajalia.”

Profesa akacheka kwa upole. “Lakini hawa ni matambara, mama. Hawawezi kulia.”

Binti akamtazama kama mtu asiyejua kitu. “Hawalii juu ya vile tumewaziba muzuri.”

Pembeni yangu mama mmoja alisimama, akakaza kitenge mgongoni, kitenge kisichobeba mtoto, akaondoka bila kuaga. Profesa hakumwona, alikuwa anapiga video.

Alipomaliza alitugeukia, akasema watoto wetu wana ubunifu mkubwa, tuwashangilie. Sisi watu wa mjini hatukosi adabu mbele ya mgeni. Tukapiga makofi kwa nguvu, mapadri na wenye viti vya mbele pamoja.

Mabinti wakajitupa chini, safari hii wote wanne.