Masufuria ya Bi Sihaba Yalipokwenda Msibani

Bwana afya akitaka kukufungia hoteli hakosi sababu, na Sihaba wa Bungu hilo alilijua kabla hajafungiwa. Tangu iliposemwa biashara ruksa, alikuwa na hoteli yake kando ya barabara ya Kusini: banda la makuti, mabenchi, wali na samaki wa nazi. Abiria wa Lindi walishuka na vumbi lao, wakala, wakasifu. Mume alishamwacha zamani. Hoteli hiyo ndiyo iliyomlisha na kumvika.

Basi Bwana Nasibu, bwana afya mwenyewe, akaja mara ya kwanza: choo hakina mlango. Sihaba akatia mlango. Akaja tena: chakula kiko wazi, nzi wanajichagulia, na watu wananawa wapi? Sihaba akanunua masufuria mapya yenye mifuniko na pipa lenye bomba.

"Jumatatu nikikuta kasoro hata moja, nafunga," akasema Nasibu.

Haya. Jumatatu alfajiri baba yake Biasha, jirani wa nyuma ya hoteli, akafariki.

Kule kwao msiba ukiingia, vyombo vya hoteli havina mwenyewe. Haombi mtu, wanawake wanakuja kanga viunoni, wanabeba. Sihaba alisimama mlangoni roho juu.

"Jamani, leo si bwana afya anakuja…"

Wifi yake, Mwanawetu, akamkata kauli. "Wanyime, wifi. Halafu siku yako akuzike huyo bwana afya."

Atasema nini? Yakatoka masufuria, ikatoka mifuniko, likatoka na pipa.

Saa tatu Nasibu huyo! Akakuta wali kwenye kisufuria cheusi cha nyumbani, umefunikwa kwa sinia lililotoboka, na maji ya kunawa yamo ndooni. Sihaba akaeleza mpaka mate yakamkauka.

"Vyombo viko hapo nyuma tu, Bwana Nasibu. Twende ukavione!"

"Mimi nakagua hoteli, mama. Sikagui matanga."

Akafunga kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Sihaba alitamani amrushie upawa. Miezi yote ile ya kuhangaika na milango na mifuniko, kumbe kazi bure! Ilimuuma hadi akashindwa kutukana.

Akaenda msibani analia. Watu wakadhani anamlilia marehemu, wakampa pole, naye akazipokea. Pole ni pole. Waliporudi kutoka makaburini akapewa birika awanawishe wanaume. Akapita mkekani, huyu na huyu, mpaka ikatokea mikono laini isiyojua jembe. Nasibu! Njaa ilikuwa imemshika, na siku hiyo Bungu nzima ilifunga biashara kwa maziko. Akanyoosha mikono bila kutazama juu. Sihaba akammiminia.

Wali ukaletwa. Nasibu akapiga tonge, akapiga la pili.

"Mashallah, wali huu! Kapika nani?"

"Wamepika majirani," akasema Sihaba, birika bado mkononi. "Kwenye masufuria yangu. Yale uliyokataa kuja kuyaona."

Nasibu akasita, tonge likiwa njiani. Kisha akalitia kinywani, akatafuna polepole, akavuta sinia karibu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na ukabaki humo humo.