Papai Bichi na Keki Arobaini za Kutisha

Shida yangu ilianza mwaka 1979, nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa mwezi wa nne, na mwezi wa tano mama akanitoa shule, darasa la tatu, nikamsaidie kazi ya keki. Sikulia. Nani angelilia viboko vya mwalimu wa hesabu wakati anapelekwa kukaa karibu na sukari? Nyie wa rika langu mnajua sukari ilikuwa nini miaka ile. Ilikuwa ya foleni tangu alfajiri, na ukiipata unaikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga.

Enzi hizo Ngamiani, Tanga, sikumjua mtu mwenye oveni. Mama alikuwa na sufuria kubwa. Anatia mchanga chini, anapanga vibati alivyopigiwa na fundi bati kutokana na makopo ya maziwa, anafunika kwa sinia, na juu ya sinia anamwaga makaa. Moto chini, moto juu. Kazi yangu ilikuwa kupepea wa chini na kunyamaza. Harufu ya iliki ikianza kutoka, mate yananijaa, mkono unaanza kutambaa kuelekea kwenye sinia. Mama hata hageuki.

"Zuhura, ukifunua hiyo sufuria, nami nakufunua utosi."

Mpaka leo sijawahi kufunua keki kabla ya wakati wake. Vijana wa sasa wana oveni yenye kioo na taa ndani, wanaiona keki inavyofura kama wanatazama televisheni, na bado wanafungua mlango ili waipige picha. Keki inanywea kama mpira uliotoboka, halafu wanalaumu unga.

Keki zikiisha kuuzwa, tulicheza. Rede, kombolela, mdako mpaka vidole vinachubuka. Lakini mchezo wetu mkubwa, mimi na Mwanaidi wa nyumba ya pili, ulikuwa wa papai. Unachuma papai bichi, lile gumu, unakata kichwa chake, unakokoa mbegu nyeupe huku utomvu unakuwasha mikono, kisha unatoboa macho na meno kwa kisu cha jikoni. Ndani unaweka kibatari. Unalipandisha ukutani kwenye njia ya madrasa, jua likizama, wenzenu wakiwa wanatoka.

Papai la kwanza nilichonga mimi. Nililichonga vizuri, macho mawili yamelingana, mdomo wa mviringo. Wale watoto wakapita wakasema, "Tazameni, papai linacheka!" Mwanaidi akanigeukia kwa hasira.

"Umechonga bibi harusi, we! Zimwi halilingani. Jicho moja kubwa, jingine dogo, mdomo uende upande."

La pili akachonga yeye. Ustadhi wetu mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake, alirudi nyuma hatua tatu kanzu kaishika mkononi. Tulichapwa wote wawili. Mimi nilichapwa huku nacheka.

Nilipofika miaka kumi na miwili, shangazi akanifundisha hina. Tulikuwa tunakunja koni kwa karatasi ya nailoni, tunaijaza, tunatoboa tundu dogo kama la sindano, na mkono unakwenda. Maua, majani, mizabibu ya kupanda mpaka kwenye kiwiko. Nimewachora maharusi wa Ngamiani mpaka nikapoteza hesabu. Hiyo ndiyo shule yangu. Keki kwa mama, hina kwa shangazi, na kutisha watu kwa Mwanaidi. Cheti sina.

Basi mwaka 2009, nina miaka thelathini na tisa, mjane, wanangu wawili nimemwachia mama, nikaenda Doha kufanya kazi za nyumbani. Ofisi ya wakala waliniuliza: unajua kupiga pasi za umeme? Ndiyo. Mashine ya kufulia? Ndiyo. Kuoka? Ndiyo. Kati ya ndiyo zote hizo, ya kuoka peke yake ilikuwa ya kweli. Wakanipeleka Abu Hamour, kwenye kampaundi ya nyumba zinazofanana, kwa madam mmoja Mzungu, mwalimu, na binti yake Ela wa miaka saba.

Mliofanya kazi Ghuba mnaijua ile miezi mitatu ya majaribio. Madam akiona hufai, anakurudisha ofisini, na ofisi inakupandisha ndege. Mwezi wangu wa tatu ulikuwa unakwisha vibaya. Blauzi yake ya hariri ilikuwa imebaki kwenye pasi. Shuka zake nyeupe zote nilikuwa nimezitoa kwenye mashine zikiwa na rangi ya waridi. Akaniita jikoni akaniambia wazi, na kwa uwazi ule namheshimu mpaka leo:

"Zuhura, Ijumaa Ela ana sherehe ya Halowini. Watoto ishirini. Nataka vikeki arobaini, vya kutisha. Jumapili ofisi watanipigia, wanataka jibu langu juu yako."

Nikasema ndiyo, madam. Kisha nikamkimbilia dereva wetu, Wafula, Mkenya wa Bungoma, nikamuuliza Halowini ndiyo kitu gani.

"Ni siku wazungu wanajifanya mashetani, mathe. Watoto wanavaa maski, wanakula sukari, wanapiga nduru, wanaenda nyumbani. Basi."

"Wanajifanya mashetani kwa hiari yao?"

"Na wanalipia! Mimi huendesha gari tu, usiniulize."

Alhamisi niliingia jikoni nikiwa nimeshasoma Ayatul Kursi, nimejipulizia mikononi, na oveni nayo nimeipulizia kwa usalama. Nakiri nilitafuta mahali pa kuweka makaa ya juu. Nilipoona kitufe chenye alama ya moto juu na moto chini nikacheka peke yangu. Kumbe ni sufuria ya mama, imepelekwa shule! Nikatia iliki, nikapanga vikeki, nikakaa mbele ya mlango wa oveni mikono mapajani, sikuugusa. Vilifura vyote arobaini, hakuna hata kimoja kilichopasuka.

Ijumaa asubuhi nikapiga siagi na sukari, nikavipaka vyote vyeupe. Siagi nyingine nikaichanganya na kakao mpaka ikawa nyeusi tii. Nikakunja koni ya nailoni. Nilipoishika tu, mkono ukapata uhai wake wa zamani. Sikuwa Doha tena, nilikuwa kwenye mkeka wa shangazi. Ua katikati, petali nane, nukta pembeni, mzabibu unazunguka. Saa tano nimemaliza, nimesimama nyuma ya meza kifua mbele.

Madam akaingia. Akainama akaviangalia kimoja kimoja.

"Zuhura, sijawahi kuona kazi nzuri kama hii." Akanyanyua kimoja. "Lakini nani ataogopa?"

Ela akauliza kama hivi ni vya binti mfalme. Na Wafula, ametoka zake kanisani, maana kule Wakristo nao husali Ijumaa, akachungulia mlangoni akamaliza kabisa:

"Mathe, hizi ni za harusi! Shetani akikuja hapa ataulizwa mahari."

Madam hakucheka. Alikwenda sebuleni, nikamsikia anapiga simu duka la keki, anauliza kama wana vya kutisha vilivyo tayari. Akinunua vya dukani, Jumapili jibu limeshapatikana. Nikawaona wanangu wanakuja kunipokea uwanja wa ndege na mimi sina hata sanduku jipya.

Umechonga bibi harusi, we. Lile neno la Mwanaidi likanigonga palepale kichwani, miaka thelathini imepita.

Nikamfuata sebuleni na aproni yangu. "Madam, kata simu. Nipe mpaka saa nane."

Akanitazama. Sijawahi kumwambia neno refu kama hilo. Akakata.

"Wafula! Nitafutie papai bichi."

"Saa hii? Maduka yamefungwa, watu wako msikitini."

"Basi kakae mlangoni. Wakitoka, wewe uwe wa kwanza."

Na maua yangu sikufuta hata moja, sina roho hiyo. Niliyaharibu. Kila petali nikaunganisha na mwenzake kwa uzi mwembamba, mzunguko juu ya mzunguko, na ua la bibi harusi likawa utando wa buibui. Mzabibu nikaukata vipande, ukawa miguu. Juu ya kila keki nikaweka macho mawili ya siagi, moja kubwa, moja dogo, mboni za zabibu kavu, moja inatazama juu na nyingine inakutazama wewe. Mdomo upande. Mkono ulikuwa unakimbia, jasho linanitoka na kiyoyozi kinavuma, na mimi nacheka kama nina miaka tisa. Saa saba na nusu Wafula akaingia mbio na papai kubwa la kijani, kalipata kwenye duka la mboga la Wahindi. Nikalichonga kwa kisu cha jikoni, utomvu ukaniwasha vilevile. Nikaweka mshumaa ndani, nikafunga mapazia yote, nikaliweka katikati ya vikeki, nikajificha nyuma ya mlango. Wafula naye akajibana hapohapo.

Saa tisa watoto wakafungua mlango.

Nduru! Jamani, nduru! Ishirini kwa mpigo! Mmoja aliyevaa kama mifupa alikimbilia chooni akajifungia. Ela alimng'ang'ania mama yake kiunoni, anapiga kelele, "Linaniangalia! Keki inaniangalia!" Kisha yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akaling'oa jicho kubwa, akalila, akafumba macho. Baada ya hapo sikuona tena keki, niliona mikono. Yule wa mifupa alitoka chooni akala vitatu. Mtoto mmoja akauliza ndani kuna nini kinanukia vizuri hivi, nikamwambia iliki, akaondoka anaitaja, "iliki, iliki," kama jina la rafiki mpya.

Jumapili simu ya ofisi ikalia. Madam akaipokea mbele yangu, makusudi.

"Hapana, simrudishi," akasema. "Huyu anabaki. Tafuteni mtu mwingine wa kupiga pasi."

Nilibaki miaka tisa. Kila Oktoba kampaundi nzima ilinisubiri mimi na papai langu, na pasi sikuishika tena.

Sasa niko Tanga, na wajukuu. Mwaka jana niliwachongea papai, nikaliweka ukutani jua likizama, nikajificha kama zamani na magoti yangu haya mabovu. Mkubwa akalisogelea, akaligeuza kutafuta swichi. "Bibi, linatumia betri gani?" Wameshatishwa na simu mpaka uoga wote umewaishia. Sisi tulikuwa na giza la bure na papai la jirani, na tukirudi nyumbani mapigo ya moyo yanasikika chumba kizima. Nawaonea huruma, wallahi. Mdogo peke yake, wa miaka minne, alinishika gauni kwa nyuma na hakuniachia mpaka tukaingia ndani. Huyo ndiye ninayemfundisha keki.

Niliyonayo leo ni haya. Nyumba ya vyumba vinne Ngamiani, ya bati jipya. Duka la keki lenye oveni mbili, zote za moto juu na moto chini. Wasichana watatu niliowaajiri, wenye vyeti. Sufuria ya mama, haijatoboka. Na mpapai mmoja uani, ambao sijawahi kuacha papai lake liive.