Punje za Kahawa Tumboni mwa Shangazi

Miaka ile ya ujamaa, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi, nilimsindikiza shangazi yangu kutoka Ijumbi hadi Bukoba kusikiliza majibu. Alikuwa ametolewa uvimbe tumboni, na kipande kilipelekwa kupimwa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kuota ndoto na kuuliza maswali.

"Mama, si kansa," daktari alisema. "Chembe zake kwenye hadubini zinafanana na punje za kahawa, basi."

Shangazi alishukuru kwa adabu. Mimi nilibaki nashangaa. Kahawa? Ndani ya mtu?

Tulifikia Kashai, mtaa wa mjini humo, kwa wifi yake. Kwetu mgeni hajakaa sawasawa, ameshaletewa akamwani, punje za kahawa zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa, atafune. Shangazi akairudisha.

Wifi akakunja uso. "Umeona nimetia sumu?"

Tulipotoka kuchota maji, shangazi alininong'oneza, "Nimetafuna tangu utoto. Kumbe nyingine zilikuwa zinaota. Nikiongeza, si zitaota upya?" Sikuweza kucheka.

Asubuhi nilimvuta tukarudi hospitali.

"Ndugu Daktari, hizo kahawa ziliingiaje?"

Alinitazama, akamtazama shangazi, akavuta kiti. Akasema watu wa hadubini huona vitu visivyo na jina, basi huazima majina jikoni na shambani. Ugonjwa mwingine wameufananisha na jibini, mwingine na povu. "Wanataja sura tu: hizi chembe zako zina mfereji katikati, kama punje. Chanzo hawajakisema. Mama, kwenu hamna ndizi ya mkono wa tembo?"

"Ipo."

"Tembo aliingia lini shambani?"

Shangazi alishika tumbo. "Usinichekeshe, mwanangu, mshono bado unavuta!"

Mimi sikuwa nimetosheka. "Na asiyewahi kuona kahawa, ataona nini mle?"

"Sijui," daktari alikiri. "Labda aliyezifananisha hivyo alikuwa na kikombe mezani."

Tuliporudi Kashai, shangazi aliomba kahawa mwenyewe, kabla hata ya kukaa.

"Leo sumu imekwisha?" wifi alimchokoza.

Shangazi aliimenya punje moja, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaufuata kwa ukucha ule mfereji wa katikati.

"Zinafanana kweli," alisema. "Huyo mtu ana macho."

Akaitupia mdomoni, akatafuna.